Picha 612 za kupamba na faili la mlango

Usiku wa kupamba nilirudi nyumbani Mkomani, mjini Lamu, yapata saa sita, kadi ya kamera nimeifunga kwenye pindo la leso kama mtu afungavyo hela. Ndani yake mlikuwa na picha 612. Sikungoja asubuhi. Niliitia kadi kwenye laptopu, nikanakili mafaili yote kwenye diski ya nje niliyoitenga kwa shughuli hiyo, kisha nikafungua programu ya kuhariri picha niliyoizoea miaka yote, Lightroom 6, nikaitaka iyalete. Ikaleta safu za vijisanduku vya kijivu na ujumbe kwamba mafaili haya haiyatambui. Yote 612, hakuna hata moja lililopona.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu bado nawasikia wapiga picha wenzangu wa pwani wakinunua kamera mpya na kukwama papo hapo. Jawabu la haraka wanalopewa ni kupakia mafaili kwenye tovuti fulani yageuzwe bure. Kwetu sisi tunaopiga shughuli za ndani, hilo haliwezekani, na nitaeleza kwa nini.

Asiyejua kupamba aelewe kwanza. Ni shughuli ya wanawake peke yao. Bibi harusi ametiwa hina na piko, amevishwa dhahabu, ameketi juu ya jukwaa, na wageni wake wamevua mabuibui, vikuba vya asumini vinanukia ukumbi mzima. Simu hukusanywa mlangoni. Mpiga picha mwanamke huruhusiwa kuingia na kamera kwa sababu moja tu, nayo ni kuaminiwa. Mama wa bibi harusi ni mke wa mjomba wangu. Kabla sijatoa kamera mkobani alinishika mkono akaniambia kwa Kiamu chake, "Picha hizi zisitoke nde, mwanangu." Nikamwitikia, nikaingia.

Muda nao ulikuwa mfupi. Maharusi walikuwa kwenye fungate, na siku ya saba ikipita wangevuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, na kushika njia ya Mombasa, anakofanya kazi bwana harusi. Albamu ilitakiwa kabla hawajaondoka.

Sasa chanzo. Kamera yangu ya zamani, Canon 60D ya mwaka 2010, huandika picha ghafi kwenye faili la CR2. Mwezi uliotangulia kaka yangu aliniletea Canon R8, kamera iliyotoka 2023, na hiyo huandika CR3. Canon ilianza kutumia CR3 mwaka 2018 na kamera ya M50. Lightroom 6 ilitoka 2015 na sasisho lake la mwisho lilikuwa Desemba 2017. Ukizipanga tarehe hizo unaona kila kitu: programu ilishafunga daftari lake kabla ya aina hiyo ya faili kuzaliwa. Programu haina kosa, kamera haina kosa. Kosa lilikuwa langu, tena mara mbili. Nilipeleka kamera mpya kwenye shughuli isiyorudiwa bila kuipitisha hata picha moja kutoka kwenye kadi hadi kwenye karatasi. Na niliiseti iandike picha ghafi peke yake, bila JPEG ya kawaida pembeni, eti naokoa nafasi, kwa kuwa R8 ina tundu moja tu la kadi. Kadi ilikuwa ya GB 64. Shughuli nzima haikufika GB 17.

Hapa inafaa kusimama kidogo tuelewe faili ghafi ni kitu gani, maana ushauri mwingi mbaya nilioupata wiki ile ulitoka kwa watu wanaodhani ni JPEG iliyonenepa. Sensa ya kamera haioni rangi. Mbele yake kuna kichujio kilichopangwa kama mkeka wa ukili wa rangi: kila jicho la mkeka hupitisha rangi moja, ama nyekundu, ama kijani, ama buluu, na kijani ni nusu ya macho yote. Mpangilio huo aliubuni Bryce Bayer wa Kodak, hataza ikatolewa 1976, na hadi leo kamera nyingi zinautumia. Faili ghafi ni kipimo cha mwanga cha kila jicho. Kamera kama R8 hupima kwa biti 14, yaani hatua 16,384 kutoka giza hadi mwanga, ilhali JPEG ina hatua 256 kwa kila rangi. Ili vipimo hivyo viwe picha, programu lazima ijue mkeka huu unaanza na rangi gani kwenye kona, weusi wa sensa hii unaanzia namba gani, na nyekundu ya sensa hii ni nyekundu ipi machoni pa mtu. Majibu ya maswali hayo hutofautiana kamera kwa kamera. Ndiyo maana programu inaweza kuijua 60D vizuri sana na bado isijue pa kuanzia mbele ya R8.

Juu ya hayo, CR2 na CR3 zimefungashwa kwa namna mbili tofauti kabisa. CR2 imejengwa juu ya TIFF, muundo wa kale wa picha. CR3 imejengwa juu ya muundo wa jamii ya MP4, ule wa video. Kwa hiyo jambo la kwanza nililojaribu usiku ule, kubadilisha jina la faili kutoka CR3 kuwa CR2, halikuwa na tumaini lolote. Ni sawa na kubandika kibao cha duka la samaki kwenye duka la dawa.

La pili lilikuwa la kijanja zaidi. Kuna programu ya bure iitwayo exiftool, aliyoitunga Phil Harvey, inayosoma na kuandika maelezo yaliyomo ndani ya faili la picha. Niliwahi kusoma kwamba mtu anaweza kubadilisha jina la modeli ndani ya faili, programu ikadhani picha imetoka kwenye kamera inayoijua. Hila hiyo hufaulu mara nyingine, pale kamera mpya inapotumia muundo ule ule wa faili na sensa inayokaribiana na ya zamani, ingawa rangi huenda zikapinda. Kwangu ilikufa palepale, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye kifungashio chenyewe, si kwenye jina. Nashukuru nilijaribu kwenye nakala. Anayefanya hivyo kwenye faili la asili anacheza na amana ya watu.

Asubuhi nikampigia fundi wa kompyuta wa Langoni ninayemwamini. Akaniambia nimletee kadi aione. Nikamweleza ni picha za kupamba. Akaelewa mara moja, akanyamaza kidogo, kisha akasema nijaribu tovuti za kugeuza mafaili, kwa hoja kwamba faili ghafi halifunguki ovyo, kwa hiyo hata likikaa kwenye kompyuta ya mtu ng'ambo, nani ataliona?

Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wengi na ni ya hatari. Ndani ya kila faili la CR3 la kamera yangu mna JPEG nzima ya ukubwa kamili, ambayo kamera huitengeneza ili ikuonyeshe picha kwenye kioo chake cha nyuma. Kuitoa ni kazi ya sekunde chache kwa mtu yeyote mwenye programu ya bure. Anayepakia faili ghafi kwenye tovuti ajue amepakia picha, na pamoja nayo tarehe, saa, na namba ya utambulisho ya kamera yake iliyopigwa kiwandani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamhesabu bibi harusi yule kuwa mwenye data yake. Mimi nilikuwa nimeshafungwa na neno nililomwitikia mamake mlangoni.

Hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo naliona ndilo la thamani kuliko yote katika kisa hiki. Nilitoka na R8 hadi kwenye kichochoro chetu, nikapiga mlango wa nakshi wa jirani, baada ya kumwomba ruhusa. Picha moja kwa lenzi pana, moja kwa lenzi yangu ya zamani. Kamera ile ile, seti zile zile, faili la CR3 lile lile kwa muundo, lakini ndani yake mna mti, chokaa na misumari tu. Faili hilo nilimtumia fundi kwenye WhatsApp kama hati, si kama picha, maana likitumwa kama picha hubanwa na kubadilishwa. Sasa angeweza kulifungua, kulivuruga, kulipakia anapotaka. Sote wawili tukawa na mgonjwa mmoja wa kupima dawa, na picha 612 zikabaki nyumbani.

Siku mbili zilizofuata dawa zote zilipimwa kwenye mlango kwanza.

Tulianza na darktable, programu ya bure inayosoma CR3 tangu toleo la mwisho wa 2021. Ilifungua mlango bila taabu. Rangi zilikuwa nzuri. Lakini nilipotazama picha ya lenzi pana, kizingiti cha juu cha mlango kilikuwa kimepinda kama upinde, na miimo miwili imevimba kwa nje. Lenzi hiyo ni RF 24-50mm, ile inayouzwa pamoja na R8. Lenzi nyingi za siku hizi zimeundwa kwa kutegemea programu inyooshe mistari baadaye. Ndani ya kamera hunyooshwa kimyakimya, hata kwenye kioo huoni kasoro, lakini faili ghafi linabeba picha jinsi kioo cha lenzi kilivyoiona. Lenzi yangu haikuwamo kwenye orodha ya toleo nililopakua. Picha ya lenzi ya zamani, 50mm ya kizazi cha EF niliyoifunga kwa adapta, ilikuwa imenyooka.

Laiti ningekuwa napiga nyuso tupu nisingejali sana. Lakini chumba kile cha kupamba kilikuwa kwenye nyumba ya kale, ukuta wa nyuma umejaa zidaka za plasta, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, mraba kwa mraba. Zidaka zikipinda, hata mtoto anaona.

Dawa ya pili ilikuwa programu ya kampuni ya kamera yenyewe, Digital Photo Professional. Ni ya bure, ila ukitaka kuipakua unaulizwa namba ya kamera. Hii iliujua mlango vizuri kuliko wote: mistari imenyooka, rangi ni zile zile nilizoziona kwenye kioo cha kamera. Kwenye laptopu yangu yenye umri ilikwenda kwa mwendo wa punda aliyebeba mawe ya matumbawe. Kila ukigusa kitu unangoja. Picha 612 kwa mwendo huo na fungate inakwisha, haikuwezekana. Kuna njia ya kuitumia kugeuza tu, itoe TIFF za biti 16 nizihariri kwenye programu yangu. Nikapiga hesabu: megapikseli 24, rangi tatu, baiti mbili kwa kila rangi, ni kama MB 144 kwa picha moja. Mara 612 ni karibu GB 88. Diski yangu haikuwa na nafasi hiyo.

Ya tatu ilikuwa DNG. Huu ni muundo wa picha ghafi uliotangazwa na Adobe, wenye Lightroom, mwaka 2004, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma. Adobe hutoa pia kigeuzi cha bure, DNG Converter, ambacho husasishwa kila kamera mpya zinapotoka. Kinasoma CR3 ya R8, kisha kinaandika DNG ambayo ndani yake mna vipimo vyote vya sensa pamoja na majibu ya yale maswali niliyoyataja: weusi, mpangilio wa mkeka, tafsiri ya rangi. Programu ya zamani haihitaji tena kuijua kamera, kwa kuwa faili lenyewe linajieleza. Kigeuzi hufanya kazi ndani ya kompyuta yako. Ukishakipakua unaweza kuzima intaneti, na mimi niliizima.

Jambo moja hapa huwakwamisha watu. Kigeuzi kikiachwa kama kilivyo huandika DNG ya kisasa, ambayo programu ya 2015 inaweza kuikataa vilevile. Kwenye mapendeleo yake kuna mahali pa kuchagua upatanifu. Nilichagua Camera Raw 7.1 na kuendelea, yaani toleo la zamani la kisomaji cha picha ghafi cha Adobe. Sikuruhusu kibane kwa kupoteza taarifa, wala sikukiambia kifiche CR3 ya asili ndani ya DNG, kwani hilo huongeza ukubwa karibu maradufu na mimi CR3 zangu ninazo. Mlango ukageuzwa. Nikaufungua kwenye Lightroom 6, ukafunguka. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani.

Basi uamuzi ukawa mchanganyiko. Picha nyingi zipite njia ya DNG. Zile za lenzi pana zenye zidaka nyuma, zipite programu ya kampuni ya kamera, zitoke kama TIFF zilizonyooka tayari. Kwanza, hata hivyo, nilitaka kupunguza idadi, na hapa ile JPEG iliyofichwa ndani ya faili ikawa rafiki. Amri moja ya exiftool,

exiftool -b -JpgFromRaw -w jpg -ext CR3 .

ilitoa JPEG zote 612 kwa dakika chache. Zile za kusimama zilitoka zimelala ubavu, kwa sababu maelezo ya jinsi kamera ilivyoshikwa hayamo ndani ya hiyo JPEG, lakini kwa kuchagua zilitosha. Mama mtu akaja kwangu alasiri, tukafunga dirisha, tukaketi na kahawa. Kwa saa mbili tukachagua picha 148. Ishirini na mbili kati yake zilikuwa za lenzi pana. TIFF 22 ni zaidi kidogo ya GB 3, mzigo unaobebeka.

Mtu atauliza: ikiwa JPEG za ukubwa kamili zilikuwamo, kwa nini usizichape hizo ukapumzika? Nilijiuliza hivyo pia. Jibu liko kwenye faili namba 0417, mkono wa bibi harusi umelala juu ya goti, umepigwa kwa ISO 6400, yaani kamera imeongezewa wepesi wa kunasa mwanga kwa sababu ya giza.

Kwenye JPEG, bangili ya dhahabu iliyo karibu na kifundo ni kipande cha manjano bapa. Hakuna nakshi. Kamera ilipika picha kwa mwanga wa taa za jukwaani, ikaisukuma nyekundu hadi 255 na kuiacha huko, na kilichofika 255 kwenye JPEG hakirudi. Piko vidoleni nayo imekuwa kama imepakwa kwa brashi pana, maana kamera ilifuta chengachenga za giza, na nyuzi nyembamba za mchoro zikafutwa pamoja nazo. Kwenye faili ghafi, nilipoteremsha mianga mikali, nakshi ya bangili ilirudi yote: majani, tundu za kingo, hata mkwaruzo mmoja wa zamani, kwa sababu ile bangili ilivaliwa na bibi yake kabla yake. Piko ilirudi mstari kwa mstari. Chengachenga zipo, na nimeziacha kiasi. Mwenye kuchora piko ile alikaa saa tano akichora. Siwezi kumfutia kazi yake ili ngozi ionekane laini.

Mizani ya weupe, yaani kuamua nyeupe ya kweli ni ipi chini ya taa zile, ilinipa kazi zaidi. Kwenye faili ghafi mizani hiyo ni maandishi tu, kamera inakupendekezea na wewe unaweza kuikataa, ilhali kwenye JPEG imeshapikwa ndani. Sikuwa na kadi ya kijivu. Kanzu na mashuka meupe yaliyofuliwa kwa sabuni za sasa hayafai kupimia, kwa kuwa sabuni hizo zina kemikali za kung'arisha zinazovutia kwenye buluu. Chokaa ya ukuta ina umanjano wake. Nikatumia petali za asumini kwenye kikuba, nikabofya juu ya ua moja lililokuwa upande wa taa kuu, na ngozi za watu zikakaa mahali pake.

Hina haikukaa. DNG hubeba tafsiri ya rangi ya Adobe, si ya kamera, kwa hiyo picha hutoka tofauti kidogo na ulivyoziona kwenye kioo. Mama mtu aliinamia kioo cha laptopu akasema, "Hina hii siyo yetu. Yetu imekoza." Alikuwa na haki. Nyekundu ilikuwa imeelekea kwenye rangi ya chungwa. Nikafungua picha ile ile kwenye programu ya kampuni ya kamera, nikaziweka pembeni kwa pembeni, nikasogeza nyekundu na chungwa kwenye Lightroom hadi mikono miwili ikafanana, kisha nikanakili marekebisho hayo kwenye picha zote zilizopigwa chini ya taa zile zile. Kazi ya robo saa, na bila yule mama nisingeiona.

Picha tisa sikuzikomboa. Kuna wakati mtu wa mapambo aliwasha taa za LED za zambarau pekee. Mwanga wa namna hiyo una vipande viwili vya rangi na katikati hamna kitu. Sensa haiwezi kupima kisichokuwapo, na faili ghafi halina dawa ya hilo. Nilimwambia ukweli. Akachagua mbili zibaki na uzambarau wao, saba akaziacha.

Kugeuza kulichukua kama saa moja. Nilihesabu: CR3 612, DNG 612. Nikafungua DNG kumi kutoka sehemu tofauti za shughuli, za mwanzo, za kati, za mwisho, kuhakikisha hakuna iliyokatika. Stima ilikatika mara moja siku ya nne, diski ikiwa imechomekwa, na ndiyo maana nasisitiza nakala mbili kabla ya lolote. Picha nilizichapa nyumbani kwa printa yangu ndogo. Siku ya sita usiku albamu ilikuwa tayari.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikulipia tu programu ya kisasa ya mwezi kwa mwezi. Kwa anayepata kazi kila wiki, ni njia ya maana, na kamera mpya husomwa bila mzunguko wote huu. Laptopu yangu isingeibeba. Na anayechagua njia hiyo kwa shughuli za ndani aangalie sana amechukua toleo gani, kwa kuwa lile Lightroom la wingu hupandisha picha zako kwenye kompyuta za kampuni kama sehemu ya kazi yake ya kawaida. Lile la Classic huziacha kwenye diski yako usipowasha usawazishaji.

Sasa kamera yangu huandika ghafi pamoja na JPEG, na hakuna kifaa kinachotoka nyumbani kabla ya kupita njia nzima hadi kwenye printa. Kigeuzi nimekihifadhi kwenye flashi, pamoja na karatasi ndogo ya seti nilizotumia.

Siku ya saba nilimpelekea mama mtu albamu na flashi mbili. Ndani yake mna JPEG zilizohaririwa, na CR3 na DNG za picha zote. Nilimpa zote mbili kwa makusudi. CR3 ni ya asili, lakini kampuni haijaweka wazi maelezo ya muundo wake, na bibi harusi huenda akazitaka picha hizi binti yake atakapokuwa anaolewa. DNG itakuwa na nafuu zaidi ya kusomeka.

Kisha akaniuliza, "Na zilizobakia kwako?" Nilikuwa nimeichukua laptopu kwa ajili ya swali hilo. Nikafuta folda mbele yake. Nikamweleza kwamba kufuta folda hakutoshi, kwa kuwa Lightroom hujiwekea nakala ndogo za picha kwenye faili lake la kumbukumbu, hata picha zenyewe zikiwa zimeondoka. Nikafuta katalogi nzima ya shughuli ile na kumbukumbu zake, na zile za programu ya pili, na JPEG za kuchagulia. Diski ya nje nikaiformati kwa njia ndefu, si ile ya haraka, na kadi nikaiformati ndani ya kamera kwa njia ya kina. Tuliketi ukumbini tukingoja upau ufike mwisho, akinisimulia bangili ile ilivyofika kwa mamake. Ilipomalizika nikamfungulia programu aone mwenyewe. Kulikuwa na picha moja tu iliyosalia kutoka R8, mlango wa jirani yangu, kizingiti kimenyooka.